Taa Nyekundu ya Gari la Mikate

9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Habari za huko, na habari za mashine zako za kufulia? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kulia, ambalo limeamua kuzeeka peke yake bila kunishirikisha. Wifi yako anakusalimu. Lile shuka ulilomletea hataki kulitandika, amelifungia kabatini kama hati ya nyumba. Bekari inakwenda. Tumepata oda mpya ya skonzi tamu kwa ajili ya kantini ya hospitali, kila Jumanne, na unga wake tunaulaza na hamira usiku kucha mpaka chumba kizima kinanukia.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu yetu unaijua: wewe unafoka, mimi nafoka, anayekata ni yule aliyeishiwa pumzi. Kwenye barua angalau mtu humaliza sentensi yake.

Jambo lenyewe ni binti yangu, mwanao Chiriku. Ya Desemba uliyasikia. Alitoka kwenye sherehe ya rafiki yake amelewa, akaliwasha gari letu la mikate, akaligonga geti la duka la dawa. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti chake pale pale, na mpaka leo sijui aliponaje. Mtoto wa miaka kumi na minane, tena barua ya chuo cha ukunga iko mezani inamsubiri! Sikulala wiki nzima. Mimi, unanijua, hata dawa ya kikohozi naisoma kwanza chupa nzima kabla ya kuinywa.

Hakimu alimhurumia. Badala ya kumhukumu alimpeleka kwenye mpango wa vijana waliokamatwa wakiendesha wamelewa kwa mara ya kwanza. Kila Jumamosi wanakaa kwenye duara na msimamizi wao, mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, kila mtu anaeleza yake. Siku nyingine wanapelekwa wodi ya majeruhi kusukuma viti vya magurudumu na kuwaogesha watu waliovunjwa na walevi. Akimaliza salama, faili linafungwa na chuo hakitaona kitu. Akiharibu, kesi inarudi kwa hakimu, na ukunga ndio basi tena.

Gari nalo limefungwa kidude. Kabla ya kuwasha unapuliza kwenye mrija. Taa ya kijani, gari linawaka. Taa nyekundu, gari halisikii la mtu, na kidude kinaweka kumbukumbu ofisini kwao. Nyekundu ya tatu, uko nje ya mpango. Wamemruhusu aendelee kuendesha kwa sababu kusambaza mikate ndiyo kazi yake, na goti langu na klachi hawaelewani. Basi kila alfajiri akimaliza kupakia trei, mimi nasimama mlangoni mwa gari, namwangalia mdomo, naiangalia na taa.

Jumanne iliyopita iliwaka nyekundu.

“Baba, sijanywa kitu,” akaniambia, macho makavu. Nikamjibu kwamba wote husema hivyo.

Tangu hapo niko chonjo. Nimenusa chupa yake ya maji. Nimenusa mtandio wake. Chini ya kiti cha gari nimekuta peremende za mnanaa. Sasa niambie, mtu asiye na harufu ya kuficha anataka mnanaa wa nini? Na wifi yako anamtetea haraka mno, kabla hata sijamaliza kulaumu. Pana kitu hapa. Wewe mtoto huyu anakumwagia kila kitu, kwa hiyo kama unajua jambo, nijulishe. Na usimwambie kwamba nimekuandikia.

Ni mimi mdogo wako.


21 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nimezipata, na pole ya goti. Huku mashine moja imeanza kurarua mashuka ya hoteli, fundi anasema ni beringi ya kuzungushia pipa lake, nami nasema ni fundi. Wanangu wazima. Mvua imekatisha kamba zangu za kuanikia, kwa hiyo nyumba nzima tunaishi katikati ya taulo za watu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Mtandio! Umenusa mtandio wa mtoto! Ungekuwa na mkia ungefaa kazi ya bandarini.

Mnanaa, ndugu yangu, wasichana wa umri ule wanakula kwa sababu wana midomo. Hata wewe ulikuwa unatafuna karafuu ulipokuwa unamfuata wifi yangu, na hukuwa mlevi, ulikuwa mwoga tu. Chiriku alikosea Desemba na sitamtetea kwa hilo. Nilimfokea mimi mwenyewe kwenye simu mpaka jirani akagonga ukuta. Alichonijibu ni kwamba anakiona kile kiti cha mlinzi kila akifumba macho. Mtu anayekiona kile kiti harudii upesi hivyo.

Lakini nikuulize wewe, usikasirike. Mtoto huyu akienda chuo Septemba, nani ataendesha gari? Goti lako halitaki klachi, umesema mwenyewe. Kijana wa kuajiri hutaki, unasema wote wezi. Nimejiuliza tu kwa nini baba mwenye binti aliyepata nafasi ya ukunga anaitafuta pombe kwa bidii kiasi hicho. Mtu hutafuta anachotaka kukipata.

Msalimie. Bado anamega kona ya skonzi ya kwanza kabla ya kupakia, kama marehemu baba alivyotuzoesha? Nikikumbuka tu, njaa inanishika.

Dada yako.


8 Machi

Dada,

Sisi wazima. Goti halijambo. Nimezifupisha salamu kwa sababu hata wewe uliponitukana hukuzunguka sana.

Eti mimi nataka mwanangu aanguke ili apate kuniendeshea mikate! Maneno hayo nimelala nayo, nimeamka nayo. Nani aliyempeleka kufanya ule mtihani? Nani aliyempeleka kupigwa picha za fomu akakaa foleni siku nzima na goti hili hili? Sikujua kama unaniona mtu wa namna hiyo. Haya, sasa nimejua.

Taa imewaka nyekundu tena. Jumanne nyingine. Safari hii nilikuwa nimejiandaa, maana usiku ule nilikuwa nimefunga mlango wa nje na ufunguo nikalala nao mfukoni. Hakutoka. Kwa hiyo kinywaji kiko humu humu ndani, na mimi sijakiona bado. Nimepekua stoo ya unga, nyuma ya tanuri, ndani ya ndoo za sukari. Nimekuta panya mmoja, hakuwa amelewa.

Msimamizi alipiga simu asubuhi hiyo hiyo. Akamuuliza Chiriku, nami nasikia, kama alikula au kunywa chochote kabla ya kupuliza. Akasema hapana. Na hapo nilisema kweli kwa niaba yake, maana mimi si mtu wa kumsingizia mtu: nilimwambia yule mama kwamba nyumbani kwetu hakuna anayekula mpaka mikate iondoke, chai yetu ni saa tatu, mimi ni shahidi. Yule mama akasema, “Basi, mzee, tunabaki na jibu moja tu.” Simu ilipokatika Chiriku alinitazama. Akasema tena hajanywa. Nikamwambia mashine haina shangazi wala mjomba, haimwonei mtu. Akauliza, “Na mimi je, sina baba?” Jeuri hiyo! Ameitoa wapi kama si kwenye chupa?

Siku hizi haongei. Unakumbuka tulivyompa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi hata akioga? Sasa anapakia trei zake kimya, anapuliza, anaondoka. Mtu asiye na hatia hugomba. Anayenyamaza ana lake.

Na nina swali. Yale manukato uliyomtumia mwaka jana, yalikuwa manukato kweli? Chupa ile ina kizibo cha ajabu.

Mdogo wako.


15 Machi

Wewe mtu,

Yalikuwa manukato. Nusa.

Nilikuwa nimekaa kukuomba radhi kwa yale ya gari na chuo, nikafika kwenye kizibo, nikaahirisha.

Nisikilize kama dada yako mkubwa. Acha kusimama pale mlangoni mwa gari. Mtoto anapuliza mrija huku baba yake amemkodolea macho mdomoni kila siku anayoamka, hata mimi ningewaka nyekundu. Mpe nafasi apumue. Muulize jambo lingine, muulize hata habari za viti vya magurudumu, za watu anaowaogesha. Aliniambia juzi kuna kijana mmoja wodini, aligongwa na mlevi, kila akimsukuma anamwomba amwimbie. Hilo unalijua? Najua hulijui.

Nakuonya. Nyekundu ikibaki moja na wewe ukiendelea hivyo, utampoteza kabla hakimu hajampoteza.

Dada yako.


2 Aprili

Dada yangu,

Natumaini mko salama, mashine imepona na kamba zimekauka. Huku wifi yako anakusalimu, na bekari inakwenda hivyo hivyo.

Nyekundu ya tatu iliwaka tarehe 25 Machi. Wewe ulinikataza kusimama mlangoni, nami nilisimama mbali kidogo, karibu na pipa la taka, nikachungulia. Aliteremka kwenye gari akakaa kwenye ngazi na trei zimejaa skonzi nyuma yake zinapoa.

Jumamosi tuliitwa wote kwenye duara lao. Chumba chenye viti vya plastiki, feni inayolia, vijana na wazazi wao. Msimamizi akaeleza utaratibu: nyekundu tatu, kesi inarudi kwa hakimu mwisho wa Mei. Ila kijana akikiri mwenyewe mbele ya wenzake, anaendelea kuhudhuria mpaka siku hiyo, na hakimu ataliangalia hilo. Asiyekiri hatetewi na mtu. Wote tukamgeukia Chiriku. Akaniangalia mimi, halafu akasema, “Ni kweli. Nilikunywa. Zote tatu.”

Sitakuficha, dada, roho yangu ilitulia. Miezi miwili nimeitwa mwenye wivu, mwenye njama, mnusa mitandio. Sasa jambo limetoka kinywani mwake mwenyewe. Nilisimama nikamshika bega mbele ya watu, nikamwambia, “Sasa ndio umekuwa mwanangu.” Yule mama alifuta machozi. Nilimuuliza Chiriku njiani chupa ilikuwa imefichwa wapi. Akasema amesahau. Hilo lilinitia shaka kidogo, lakini nikaliacha.

Jumapili hatukumkuta kitandani.

Amechukua nguo chache na vile viatu vyake vya wodini. Simu yake haipatikani. Nimekwenda kwa rafiki zake wote, nimekwenda hata kwa yule mwenye sherehe. Nimepita mbele ya baa zote za mji huu nikichungulia ndani, watu wamenisalimia wakidhani nimeamua kuanza. Moyo wangu hauko mahali pake.

Kuna jambo lingine. Wifi yako halii. Siku ya kwanza alilia, ya pili akapokea simu uani, na tangu hapo anapika huku anaimba. Mama ambaye mwanawe amepotea anaimba? Nimemwuliza, ananiambia eti anajipa moyo. Dada, kama yuko kwako, niambie. Nakuomba kwa jina la baba.

Mdogo wako.


20 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana kutoka kwetu sote. Sisi ni wazima kabisa, na tunamshukuru Mungu. Mashine imetengenezwa, haikuwa fundi, ilikuwa beringi. Mwanangu mkubwa amebadilishiwa kituo cha kazi, mdogo ameng'olewa jino, jirani yangu yule mgomvi amehama na aliyekuja ni mgomvi zaidi. Taulo za hoteli zimekuja nyingi mwezi huu, kwa hiyo nimechukua msaidizi wa kukunja na kupiga pasi. Anafanya kazi vizuri. Haongei sana. Mkate anaugusa shingo upande, nimemzoesha viazi.

Umeniuliza jambo kwa jina la baba. Sijalisahau. Nikijibu nitavunja neno nililompa mtu, na nisipojibu nitakuwa nimekudanganya, kwa hiyo nakuandikia habari za taulo. Wewe ni mtu wa kuchunguza. Chunguza.

Ila nami nikuulize. Yeye Desemba alipolewa kweli, alikiri siku ile ile pale pale getini, mbele ya mlinzi na polisi, kabla mtu hajamuuliza. Safari hii imemchukua miezi miwili, na mahali pa chupa “amesahau”. Wewe uliyepekua mpaka ndoo za sukari, hilo halikukunyima usingizi?

Samahani kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara nyingi nikaichana.

Dada yako.


14 Mei

Dada,

Goti linauma sana, na nitakueleza kwa nini.

Tangu mtoto aondoke mikate inapelekwa kwa mkokoteni wa kukodi, na gari limekaa tu uani na kidude chake, linasubiri watu wa mpango waje kukifungua. Jumanne moja mwishoni mwa Aprili mwenye mkokoteni hakutokea. Kantini inapiga simu, skonzi zimeiva, nikasema liwalo na liwe, naendesha mwenyewe. Nikapakia. Trei ya kwanza nikamega kona ya skonzi, nikaonja, tamu kweli kweli, nikaingia kwenye usukani bado natafuna. Nikapuliza ule mrija.

Nyekundu.

Mimi! Mimi ambaye hata kwenye harusi yangu niligonga glasi ya maji! Na unajua wazo langu la kwanza lilikuwa lipi? Kwamba Chiriku amekiharibu kidude kwa makusudi kabla ya kutoroka, ili anikomoe. Hata hapo, dada, nilimshuku yeye.

Nikamwita fundi. Alipofika, alipuliza, kijani. Nikapuliza mimi, kijani. Fundi akanitazama kwa jicho la pembeni, akaniuliza polepole, “Mzee, alfajiri ulikuwa na nani?” Nikamwapia kwamba sijawahi kuonja pombe maishani. Akatikisa kichwa na kukusanya vifaa vyake. Wifi yako alikuwa mlangoni. Hakucheka, na hakunitetea.

Jumanne iliyofuata niliingia garini kabla ya kuonja, nikapuliza: kijani. Nikamega skonzi, nikatafuna, nikapuliza: nyekundu. Nikasukutua maji, nikakaa nikaitazama saa ya ukutani kupitia dirisha la bekari, nikapuliza tena: kijani. Ni ile hamira, dada. Unga unaolala usiku kucha unabaki na pombe yake kidogo, na skonzi ya moto inaiacha mdomoni kwa dakika chache. Siku akiwa na nafasi, Chiriku anaonja kwanza ndipo anapakia, harufu inakuwa imekwisha. Akichelewa, anaonja amekwisha kaa kwenye kiti. Na nani aliyemfundisha kuonja? Tangu anafika kimo cha meza namwambia, usimpelekee mteja mkate ambao hujauonja. Baba alituambia sisi, nami nikamwambia yeye. Kisha yule mama alipouliza kama amekula, sote wawili tukasema hapana, tena mimi nikajitolea kuwa shahidi. Kwetu kuonja si kula. Ni kazi. Haikutupitia hata akilini.

Nikakaa kwenye ile ngazi aliyokaa yeye. Nilikaa sana, na goti ndipo lilipoharibika.

Kusema kweli sikwenda ofisini siku ile, wala ya pili yake. Niliona aibu. Nilifika mpaka kwenye kona ya barabara yao nikarudi. Mwishowe wifi yako aliniwekea trei ya skonzi mikononi asubuhi na mapema, akaniambia, “Ukirudi bila kusema, usiingie kwangu.” Nikaenda na gari. Nikamweleza yule mama kila kitu, kwamba ni mkate, kwamba mtoto hajanywa, kwamba na mimi sinywi, nimewaka nyekundu kwa skonzi. Akanisikiliza kwa ile sauti yake ya kubembeleza. Kisha akanipigapiga mkono, akasema, “Wote husema hivyo, mzee.”

Dada, niliyasikia yale maneno. Nilitaka kupasuka. Nilimwambia atoke nje kwenye gari. Nikala mbele yake, nikapuliza, nyekundu. Nikampa skonzi yeye, akala, akapuliza, nyekundu. Aliitazama ile taa, akautazama ule mrija, uso wake ukabadilika kabisa. Akarudi ndani, akaanza kupiga simu.

Nyekundu zote tatu wanazifuta. Lakini amesema kuna jambo moja hawawezi kulifuta wao: yale aliyoyasema Chiriku kwenye duara. Yameingia kwenye faili kwa kinywa chake mwenyewe. Lazima aje yeye, tarehe 29 Mei, amwambie hakimu kwamba yale hayakuwa kweli. Asipokuja, yanabaki, na chuo kitayaona.

Nikamwambia yule mama sijui mwanangu alipo. Akashangaa. Akasema, “Mbona dada yako alinipigia Jumapili ile ile? Binti anahudhuria Jumamosi za mpango huko huko kwao.” Kwa hiyo yeye anajua, wewe unajua, wifi yako anajua na anaimba. Aliyekuwa hajui ni mimi, mchunguzi. Sikulaumu. La, nakulaumu, lakini nikifika kwenye kulaumu nakumbuka pipa la taka.

Mwambie huyo msaidizi wako. Nimeandika sentensi tano hapa za kumwambia na zote nimezikata. Mwambie tu aje.

Mdogo wako.


21 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Wifi yangu mwambie siri aliyoniahidi kuitunza ameitunza, na kwamba kuimba kwake ni kubaya, hata mimi ningeshuku.

Barua yako nilimsomea jana tukikunja mashuka, yeye pembe zake, mimi pembe zangu. Nilipofika kwenye fundi aliyekuuliza alfajiri ulikuwa na nani, Chiriku alicheka mpaka akakaa sakafuni. Sijamsikia akicheka tangu afike. Halafu nikasoma pale pa “wote husema hivyo”, akaacha kucheka. Nikaendelea mpaka mwisho. Akaniomba barua, akaisoma tena peke yake, akazikazia macho zile sentensi ulizozikata akijaribu kuona kilichokuwa chini.

Nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza. Kwa nini ulikiri jambo ambalo hukulifanya? Nakuandikia jibu lake kama lilivyo, usiniombe nilipunguze.

“Shangazi, nilisema kweli miezi miwili, baba akawa ananinusa. Nikasema uongo mara moja, akanishika bega.”

Alilia, nami nikalia, na shuka tulilokuwa tumelishika ilibidi lirudi kwenye mashine.

Atakuja. Basi lake linafika tarehe 28 jioni. Kwa hakimu atasema mwenyewe, hataki umsemee, na kwenye ukumbi ule ukae nyuma na mama yake. Habari za chuo mtaongea baadaye. Kijana wa kuendesha gari mtafute kuanzia sasa, hata kama ni mwizi.

Nilimuuliza kama kuna kitu anataka kutoka kwako. Nilidhani atataka umwombe radhi mbele ya lile duara, na ningekulazimisha. Alifikiri mpaka pasi ikapoa. Akasema asubuhi ya tarehe 29 anataka alipeleke gari mahakamani yeye, kidude kikiwa bado kimefungwa, na wewe ukae kiti cha pembeni. Akikaa kwenye usukani, kabla hajapuliza, anaomba ugeuze uso. Utazame dirishani, utazame barabara, utazame popote unapotaka, usimwangalie yeye wala taa, mpaka usikie gari limewaka.

Ukiweza hilo, amesema, mengine ataweza yeye.

Dada yako.